Nani Akaguaye Mizani ya Damu Yetu?

Mwuza nyama wa soko la Burma, pale kando ya Jogoo Road, hawezi kupima nyama kwa mizani aliyoiokota popote. Mizani yake sharti ikaguliwe kila mwaka na wakaguzi wa vipimo, walinganishe kilo yake na kilo wanayoiamini wao, kisha waigonge muhuri. Akipatikana anatumia mizani isiyo na muhuri huo, hushtakiwa. Ndivyo ilivyo kwa pampu za petroli pia. Sheria hii ni ya haki, na sijapata kumsikia mkazi yeyote wa Eastlands akiilalamikia, maana kila mmoja wetu aujua uchungu wa kulipia kilo na kupewa robo tatu.

Lakini hebu, msomaji, ondoka hapo Burma, panda matatu uelekee Mutindwa, au Kayole, au ushukie Kariobangi. Kando ya njia utamkuta kijana ametandaza turubai chini, na juu yake amepanga miwani ya jua, chaja za simu, na saa za mkononi zenye kioo cheusi kinachowaka ukikigusa. Kwa mujibu wa maneno yaliyochapishwa kwenye visanduku vyake, saa hizo hupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni, joto la mwili, na siku hizi hata sukari iliyomo katika damu, tena bila kutoboa kidole. Hiyo nayo ni mizani. Inadai kupima kitu chenye thamani kuliko nyama, na wala sijaona muhuri wa mkaguzi yeyote juu yake.

Sisemi haya kwa kusikia. Jirani yangu mmoja hapa Umoja, mwalimu mstaafu aliyewafundisha wanangu wawili kusoma, amekuwa akimeza dawa za presha kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanawe alimletea saa ya aina hiyo kama zawadi, naye mzee akaipenda. Kila asubuhi aliitazama na kututangazia langoni: 118 kwa 76. Jioni: 121 kwa 78. Hesabu zilipoendelea kuwa nzuri namna hiyo kwa muda wa miezi miwili, mzee aliona kwamba fedha za dawa zingefaa kwa mambo mengine, akaziacha. Hakumwuliza daktari, kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha kumjibu. Asubuhi moja alipokuwa akinyoa ndevu wembe ulimponyoka, na mkewe alipoingia alimkuta mdomo umekwenda upande. Hospitalini walimfunga mkanda wa mashine, wakapata 204 kwa 118. Wakati huo huo saa yake, ambayo hakuna aliyekumbuka kuivua, ilikuwa ikionyesha 120 kwa 77.

Mwenyezi Mungu alimnusuru, ingawa mkono wake wa kulia haujarudi kama ulivyokuwa, na mwandiko ule mzuri wa ubaoni haupo tena. Nilipokwenda kumjulia hali nilimwomba aniazime ile saa. "Ichukue tu, jirani," akaniambia, "mimi imekwisha kunisomesha." Nikaenda nayo nyumbani, nikaifunga kwenye ndizi mbivu niliyoinunua Mutindwa kwa shilingi kumi. Baada ya nusu dakika hivi iliniarifu kwamba ndizi ile ina presha ya 119 kwa 78 na mapigo 71 kwa dakika. Nikaila ndizi hiyo nikiwa na hakika kwamba ilikufa ikiwa na afya njema.

Yafaa tueleze jinsi mambo yanavyokwenda, kwani ulaghai huu unastawi kwa sababu wengi wetu hatujui presha hupimwaje. Mnamo mwaka wa 1896 daktari Mwitalia Scipione Riva-Rocci alibuni mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa hadi damu izibwe. Na mwaka wa 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha kwamba hewa inapopunguzwa polepole, mtu aweza kuisikiliza sauti ya damu ikianza kupita tena, na hivyo kuzijua tarakimu mbili, ya juu na ya chini. Mashine ya umeme inayotumiwa nyumbani hufuata njia iyo hiyo, ila badala ya sikio la daktari hutumia mitetemo ya hewa iliyomo ndani ya mkanda. La muhimu ni kwamba damu inabanwa, na nguvu ya kuibana inajulikana. Saa ya barabarani haibani kitu. Humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kutazama jinsi mwanga huo unavyorudi kila moyo unapopiga. Kwa njia hiyo saa nzuri yaweza kuhesabu mapigo, na huhesabu vyema. Lakini kuyahesabu mapigo si kuijua presha, kama vile kuhesabu magari yanayopita Jogoo Road si kujua yamebeba tani ngapi. Saa duni hujaza pengo hilo kwa kubahatisha. Hukuuliza umri wako na uzito wako, kisha hukupa tarakimu ambayo mtu mzima wa umri huo angetamani kuwa nayo.

Sitaki kuwaonea watengenezaji wote. Zipo saa za kampuni kubwa ambazo zimejaribiwa, na tangu mwaka wa 2018 ile ya Apple imeruhusiwa na wakuu wa dawa nchini Marekani kumwonya mvaaji iwapo moyo wake unapiga bila mpangilio. Saa za Samsung huonyesha presha katika nchi zilizoruhusu, lakini kampuni yenyewe inasema kwamba mvaaji sharti aisawazishe kwa mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Mwezi wa Septemba 2025 Apple iliruhusiwa kuongeza onyo kuhusu presha ya juu. Saa hiyo haitoi tarakimu yoyote, bali humshauri mtu aliyeonywa ajipime kwa mashine ya mkanda kwa siku saba. Basi nauliza: ikiwa kampuni zenye fedha kama mchanga wa pwani bado zinamrudisha mteja wao kwenye mkanda, hii ya shilingi 1,800 iliyo juu ya turubai imepata wapi elimu ya kuuacha?

Mwaka wa 2020 watafiti wa Australia walizichunguza mamia ya mashine za presha zilizokuwa zikiuzwa nchini mwao kwa njia ya intaneti. Katika zile za kufungwa mkono wa juu, chini ya moja katika kila tano ndiyo iliyokuwa na ushahidi wa kuhakikiwa. Katika mikanda ya saa, haikupatikana hata moja. Hiyo ni Australia, nchi yenye wakaguzi wengi na mahakama za kumtetea mnunuzi.

Kuhusu sukari, nitasema kwa ufupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. Mnamo Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatahadharisha watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, ikasema haikuwa imeidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata tarakimu ya saa kama hiyo aweza kuzirai au hata kufa. Ziko saa ambazo huonyesha tu kile kilichopimwa na kihisi chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Hizo ni jambo jingine kabisa, na bei yake ni jambo jingine pia.

Kisha kuna kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho wengi wetu tulikijua wakati wa korona. Kina kazi yake. Lakini mwezi wa Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ambayo mtu mwenye ngozi kama yangu hapaswi kuyapuuza. Miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kilionyesha wana oksijeni ya kutosha, kipimo cha damu yenyewe kilionyesha upungufu kwa asilimia 11.7 ya watu weusi, ilhali kwa weupe ni asilimia 3.6. Mwanga unaopita kidoleni hukutana na weusi wa ngozi, na chombo hakikufundishwa vyema kuupambanua. Hivyo vilikuwa vibanio vya hospitali, si vya turubai. Kwa hiyo mtu anayehema kwa shida apelekwe hospitalini hata kama kibanio kinasema 95.

Je, mkazi wa Dandora au Jericho anayetaka kujipima nyumbani anunue nini? Nimelishughulikia swali hili kwa muda, nami nasema waziwazi: anunue mashine ya presha ya mkanda unaofungwa mkono wa juu, baina ya kiwiko na bega. Zile za kufungwa kwenye kifundo cha mkono ni ndogo na za kupendeza, lakini zinadai mkono uinuliwe hadi usawa wa moyo. Ukiushusha sentimita kumi tu, tarakimu hupanda kwa milimita saba au nane za zebaki, na ni wachache wanaokumbuka hilo wakiwa wamechoka.

Kabla ya kulipa, asome namba ya muundo iliyoandikwa chini ya mashine, si jina la kampuni pekee. Kampuni moja yaweza kuwa na mashine iliyohakikiwa na nyingine ambayo haikuhakikiwa, zote zikiwa na nembo ile ile. Namba hiyo aitafute katika orodha ya STRIDE BP, inayotunzwa na wataalamu wa kimataifa wa presha na kusomwa bure na yeyote mwenye simu ya intaneti. Mashine iliyomo humo imejaribiwa kwa watu kulingana na kanuni zilizokubaliwa, ikalinganishwa na masikio ya wapimaji waliofunzwa. Kama mwuzaji hataki mashine itolewe kwenye sanduku ili namba isomwe, mnunuzi aende zake.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, nalo ni ukubwa wa mkanda. Mama zetu wengi wa mitaa hii wana mikono minene, nao hufungwa mkanda wa kawaida unaofika kwa kuvutwa. Watafiti wa Johns Hopkins walichapisha mwaka wa 2023 kwamba watu wanaohitaji mkanda mkubwa kabisa, wakifungwa ule wa kawaida, tarakimu yao ya juu huzidi kwa takriban 20. Kwa hiyo kuna mtu anayemeza dawa asizozihitaji kwa sababu ya kitambaa kifupi. Pima mzunguko wa mkono wako kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, uende dukani ukiwa na sentimita zako. Kila mkanda umeandikwa sentimita unazofaa.

Hata mashine njema hudanganya ikitumiwa vibaya. Nimewaona watu pale kituoni, wameshuka mbio kutoka matatu ya Kayole, wakakalia kigoda kisicho na mgongo, mkono ukining'inia, huku wakizozana na kondakta kuhusu chenji. Kisha wanapimwa presha kwa shilingi hamsini na kuambiwa wana ugonjwa. Mtu apumzike dakika tano kwanza, awe amekwenda haja, aegemee, miguu ikanyage sakafu bila kupishana, mkono uwekwe mezani, na asiseme neno. Apime mara mbili na kuandika zote. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi kwa siku kadhaa ni sababu ya kumwona daktari. Hospitalini mpaka ni 140 kwa 90. Tarakimu moja ya siku moja isimfanye mtu kuanza dawa wala kuiacha.

Kwa kisukari, mashine ya kutoboa kidole ndiyo ya kutegemewa, lakini mnunuzi aulize kwanza bei ya vijiti vya kupimia kabla ya kuuliza bei ya mashine. Mashine huuzwa kwa bei ya chini, hata kutolewa bure, kisha mtu akafungwa na vijiti ambavyo vijiduka vya mtaani havina. Aulize pia kama vitapatikana mwakani. Atazame tarehe ya kuharibika, na asivinunue vikiwa vimetolewa kwenye kichupa chao na kuuzwa kimoja kimoja, kwani unyevu huviharibu. Na anawe mikono. Aliyemenya embe kisha akajitoboa kidole hupima sukari ya embe. Hata mashine bora hukubaliwa kukosea kwa asilimia 15, basi tofauti ya 7.1 na 7.6 isimkoseshe mtu usingizi.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni ya wenye nacho. Mashine iliyohakikiwa hugharimu maelfu kadhaa ya shilingi, na nyumba ya chumba kimoja Huruma ina madeni yake. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Utafiti wa serikali wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na kwamba asilimia 56 hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani. Kwa sukari, ambao hawakuwa wamepimwa walikaribia asilimia 88. Nchi yenye hesabu kama hizo haiwezi kuwakataza watu kujipima. Lakini maskini ndiye asiyeweza kumudu kununua mara mbili. Yule aliyetoa shilingi 1,800 kwa saa ya uongo hakuokoa kitu. Na siku ya kiharusi, jamaa zake watachanga mara mia ya hizo.

Aidha, kupimwa si lazima kuwe kwa kununua. Mwezi wa Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba ya vifaa, zikiwamo mashine za presha na za sukari. Kila mtaa una wake. Mwenye mhamasishaji aliye na mashine inayofanya kazi na amwite, na yule ambaye mashine ya mhamasishaji wake imelala kabatini kwa kukosa betri au vijiti amwulize mwakilishi wadi wake kwa nini.

Na tuna vyama. Hakuna ploti hapa Eastlands isiyokuwa na chama cha akina mama kinachonunuliana sufuria, blanketi na mitungi ya gesi kwa zamu. Familia kumi zikichanga, mashine moja ya kweli yenye mikanda ya saizi mbili hupatikana kwa mwezi mmoja, nayo itawahudumia wote kwa miaka. Presha haihitaji kupimwa kila saa kama saa zile zinavyotuzoesha. Nawajua watu waliokuwa wakijitazama mkononi mara thelathini kwa siku, na wasiwasi wenyewe ukawapandishia presha.

Hata hivyo, mwananchi asibebeshwe mzigo wote. Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo yenye jukumu la kusajili vifaa vya matibabu, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa linasimamia viwango vya bidhaa zinazoingia nchini. Wafanyabiashara watajitetea kwamba saa ni pambo, si kifaa cha matibabu. Utetezi huo usikubaliwe. Kisanduku kikiandikwa "presha" au "sukari", kilichomo ndani kimejitangaza kuwa kifaa cha matibabu, na kihukumiwe hivyo bandarini Mombasa kabla hakijafika Luthuli Avenue, sembuse Mutindwa. Simwombi askari wa kaunti amnyang'anye kijana wa turubai riziki yake. Yeye naye aliuziwa akaamini. Naomba aliyeleta kontena aulizwe cheti cha majaribio, kama mwuza nyama wa Burma anavyoulizwa muhuri. Pia hospitali na zahanati za mitaani, za umma kwa za binafsi, zingefaa ziwaruhusu wenye mashine za nyumbani kuzileta mara moja kwa mwaka zilinganishwe na za hapo. Ni kazi ya dakika kumi.

Chama cha ploti yetu kimekwisha kununua mashine yake. Inakaa kwa mwalimu, kwa kuwa yeye yuko nyumbani mchana, na Jumamosi watu hupiga foleni sebuleni kwake wakiwa wamenyamaza kama darasa la mtihani. Huandika tarakimu zote katika daftari la mistari, polepole, kwa mkono wa kushoto. Safu ya kwanza ni yake mwenyewe: wiki iliyopita 138 kwa 84, akiwa amemeza dawa.